Binti amechuja, au amechoka?

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya kata huku Rungwe, na msimu huu ndio wangu wa kwanza kufundisha mbio ndefu. Nina binti wa kidato cha tatu, ana miaka 16. Mwezi wa pili na wa tatu alikuwa hakamatiki. Alishinda mbio tatu mfululizo, na kule Kyela alikimbia kilomita 10 kwa dakika 41 na sekunde 10. Mwezi wa nne hapo Mbeya akakimbia 42:40, nikaona amelegea, nikaongeza mazoezi. Mwezi wa tano nikamwingiza kilomita 21. Alimaliza kwa saa 1 na dakika 47, kilomita za mwisho akitembea na kulia. Tangu hapo muundi wa mguu wa kushoto unamuuma na hana hamu ya mazoezi. Wenzangu ofisini wanasema amechuja. Mkuu wa shule anamtaka kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nakutumia picha za daftari la mazoezi. Nimekosea wapi, na je, nimpeleke?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo lenye tarehe: usimpeleke. Hata kama mguu ungekuwa mzima nisingempeleka, na kwa mguu unaouma kwenye mfupa sioni hata cha kujadili. Mwambie mkuu wako kwamba mimi ndiye niliyekataa. Nimeshazoea kununiwa na wakuu wa shule.

Sasa daftari. Nimelisoma mara mbili, usiku na tena asubuhi, na kwa kweli ni zuri kuliko la kwangu la mwaka wa kwanza wa ukocha, ambalo lilikuwa kurasa za nyuma za daftari la vikoba. Umeandika tarehe, umbali, muda, kama mvua ilinyesha. Kalamu ya bluu kwa mazoezi, nyekundu kwa mashindano. Makocha wengi wa huku kwetu wanabeba kila kitu kichwani, na msimu ukiisha kichwani hubaki ushindi tu. Daftari lako limenionyesha siku hasa mambo yalipogeuka, na siku hiyo haiko mwezi Mei. Ni Jumatatu ile baada ya mbio za Mbeya, ulipoandika kwa herufi kubwa: AMELEGEA, TUKAZE.

Hakuwa amelegea. Kyela iko jirani na Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi. Kwa mwinuko huo, kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Mtu anayeishi juu, kama binti yako huko Rungwe, mwili wake umezoea, ila kuzoea hakumfutii deni lote. Mkimbiaji wangu anapotoka bondeni kuja kukimbia kilomita 10 hapa mjini, mimi huongeza asilimia 3 kwenye muda wake kabla sijasema neno lolote. Chukua 41:10, ongeza asilimia 3, unapata kama 42:25. Yeye alikimbia 42:40. Hizo sekunde 15 zinaweza kupotea kwenye meza ya maji. Joto la Kyela nalo lina ushuru wake, na njia za Mbeya zina vilima, kwa hiyo hesabu hii usiipime kwa mizani ya dhahabu. Lakini ungeniletea karatasi mbili zile bila jina ningekwambia ni mtu yuleyule, katika hali ileile.

Kama unataka mfano mkubwa wa kumwonyesha mkuu wa shule, mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, kwenye mita 2,240. Naftali Temu wa Kenya alichukua dhahabu ya mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27, wakati rekodi ya dunia, ya Ron Clarke wa Australia, ilikuwa dakika 27 na sekunde 39. Karibu dakika mbili! Na Temu alirudi kwao na medali, hakuna aliyemwambia akaze.

Na kwa kuwa nimeitaja Mexico, niliseme na hili linalonikera. Michezo ileile ndiyo aliyoangukia mzee wetu John Stephen Akhwari, akaumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza marathoni wa mwisho giza likiwa limeshaingia. Ni habari ya heshima, watoto wetu wote waijue. Ila nimesikia ikisimuliwa mara nyingi mno pembeni ya uwanja kwa mtoto anayechechemea, ili arudi barabarani. Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30 hivi, yuko kwenye mbio za Olimpiki, na uamuzi ulikuwa wake. Miaka miwili baadaye, Edinburgh mwaka 1970, alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola. Hilo la pili halisimuliwi. Binti wa kidato cha tatu anayelia njiani hahitaji Akhwari, anahitaji mtu wa kumtoa barabarani na kumfunika kanga.

Turudi kwenye Jumatatu yako. Wiki iliyotangulia alikuwa amekimbia kilomita 62. Wiki iliyofuata 80, na ukaongeza siku ya pili ya milima. Kuruka kutoka 62 hadi 80 kwa wiki moja ni kosa ambalo kila kocha amelifanya, na lingekuwa kosa la kawaida kama 62 ingekuwa 62 kweli. Nilipokuuliza kwa simu nyumbani kwao ni wapi, ukasema ni kilomita tano kutoka shuleni, anakwenda kwa mguu. Kumi kwa siku, hamsini kwa wiki. Kutembea si kukimbia, sitaki kutia chumvi. Mimi huhesabu kilomita mbili za kutembea kwenye njia ya mlima, begi la vitabu mgongoni, kuwa moja ya mbio. Kwa hesabu hiyo kabla hujakaza alikuwa kwenye 87, na ulipokaza alikuwa kwenye 105. Kuna wanariadha watu wazima wanaobeba 105 kwa wiki, lakini hao wanalala mchana. Huyu wako Jumamosi yuko shambani na wenzake kwenye viazi, jioni anachota maji, na saa kumi na nusu alfajiri ameshaamka ili akimbie kabla ya kengele ya shule.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo kwenye daftari. Mwili wake ulivihesabu vyote.

Wala sina haki ya kukunyooshea kidole. Msimu huu nilikuwa na wakimbiaji wanane. Mmoja ni kijana wa miaka 22, miguu ya swala, kifua kipana, ambaye kazi yake ni kupakia viazi Uyole. Anayeijua Uyole anayajua magunia yenyewe: lumbesa, gunia lililovimba na kushonewa kofia juu, moja linapita kilo 100. Fuso zinapakiwa usiku ziwahi Dar es Salaam. Yeye anapakia kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, na saa kumi na mbili asubuhi yuko kwangu Isyesye, raba zimefungwa, anacheka. Kazi yake niliijua kama ninavyolijua kabila lake. Ilikuwa habari ya kumtambulishia mtu, sikuwahi kuitia kwenye hesabu.

Januari alikuwa wa kwanza kwenye kila zoezi. Februari akaanza kubaki nyuma kwenye vilima ambavyo Desemba alikuwa akivipanda huku anaongea. Nikamkazia. Siku mbili tofauti niliandika kwenye daftari langu neno "mvivu". Asubuhi moja ya mwanzo wa Machi tulikuwa tumekaa kwenye nyasi tunanyoosha misuli, nikawaambia wabadilishe mguu, saba wakabadilisha. Yeye alikuwa amelala, amekaa hivyohivyo, vidole vimeshika ncha ya raba. Wenzake wakacheka na mimi nikacheka. Wiki mbili baadaye mfupa wa muundi ukapata ufa, msimu wake ukaishia hapo, na kwa muda hakuweza hata kupakia, maana yake nyumbani kwao mlo mmoja ulipungua kwa ajili ya mazoezi yangu.

Neno "mvivu" bado liko kwenye daftari. Sijalifuta. Siku hizi, kabla ya kilomita, kila mmoja wangu ananiambia mambo mawili: jana ulifanya kazi gani, na ulilala saa ngapi. Naviandika kwanza. Kuna asubuhi naangalia safu hizo mbili na kumrudisha mtu nyumbani kabla hajavua sweta.

Sasa jambo ambalo wewe kama mwanamume utaona haya kumuuliza, na ni sawa usimuulize wewe. Mwombe matroni au mwalimu wa kike anayemwamini amuulize kama anaziona siku zake. Mimi nikiwa na miaka 19 zilinipotea kwa zaidi ya mwaka. Kocha niliyekuwa naye hakuuliza, na mimi nilifurahi, nilidhani ndivyo mwanariadha anavyokamilika. Mwaka uliofuata mfupa wa unyayo wangu ulipata ufa nikiwa kwenye jogingi tu, sikuteleza wala kuanguka. Chakula kikiwa hakitoshi kwa kazi ambayo mwili unafanya, mwili unaanza kuzima taa za vyumba ambavyo unaona si vya lazima, na uzazi huwa chumba cha kwanza. Homoni inayoshuka hapo, estrojeni, ndiyo inayolinda mifupa. Kwa hiyo hedhi kukatika kwa miezi mitatu na maumivu ya muundi kwa msichana mmoja si habari mbili. Akijibu kwamba hazioni, apelekwe hospitali na aelezwe daktari kwamba ni mkimbiaji, maana daktari asipoambiwa atawaza mambo mengine, na binti atatoka pale amefedheheka.

Huko huko hospitali apimwe damu. Kipimo cha wingi wa damu kinapatikana hata kwenye kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani linamhesabu msichana wa umri wake kuwa ana upungufu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na kiwango hicho ni cha watu wa usawa wa bahari. Sisi wa milimani tunatakiwa kuwa na zaidi, kwa hiyo akipata 12 kamili mimi sitapiga vigelegele. Ukipata hospitali kubwa yenye kipimo cha akiba ya madini chuma, feritini, omba na hicho, kwa sababu damu inaweza kuonekana nzuri huku ghala likiwa tupu, na mkimbiaji mwenye ghala tupu anakuwa hivyohivyo unavyomwelezea: hana hamu, miguu mizito, pumzi inakata mapema. Na kwa kuwa alishuka Kyela, apimwe malaria. Na minyoo pia. Ila usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu kabla ya vipimo. Chuma kikizidi mwilini nacho ni ugonjwa.

Chakula chenyewe kinahitaji maneno machache tu. Anakimbia alfajiri tumbo tupu, anatembea kilomita tano, na kitu cha kwanza cha maana kinaingia mdomoni saa saba mchana, makande ya shule. Huko Rungwe parachichi zinapanda makontena kwenda nje ya nchi, ndizi zinaozea barabarani, na mkimbiaji wenu bora anakimbia na njaa! Ndizi mbili kabla ya mbio na kikombe cha uji baada yake havihitaji bajeti ya wizara. Maharage, mboga za majani na dagaa wa Nyasa vina madini chuma. Ale pamoja na chungwa, pera au nyanya mbichi ili mwili uyafyonze vizuri zaidi. Na chai, najua naongea na watu wa mashamba ya chai, isinywewe pamoja na chakula. Aisubirishe saa moja, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini.

Mguu. Mwambie akae, ashushe soksi, apite kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa muundi kutoka chini kwenda juu. Maumivu yakiwa yametapakaa eneo la urefu wa kiganja, na yanapungua akishapasha mwili moto, mara nyingi ni ganda la mfupa na misuli vimekasirika. Wiki mbili tatu za kupumzika huwa zinatosha. Yakiwa mahali pamoja, padogo kama sarafu ya shilingi 100, yanazidi kadiri anavyokimbia na yanamwamsha usiku, hesabu kwamba mfupa una ufa mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Hapa walimu wengi hunaswa: wanapiga picha ya eksirei, inatoka safi, mtoto anarudishwa uwanjani. Ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo. Picha safi si ruhusa. Kama ni ufa, wiki sita hadi nane bila kukimbia kabisa, na hata ile safari ya shule itafutiwe namna. Ongea na mzazi, ongea na bodaboda wa kijijini, ongea na mkuu wako ambaye ameonyesha kwamba anamthamini. Hapo ndipo pa kumthamini.

Sasa mazoezi yenyewe. Umeandika "jogingi" mara nyingi, na pembeni ya jogingi kuna muda: kilomita nane kwa dakika 37. Hiyo ni 4:38 kwa kilomita, kwenye vilima vya Rungwe, kwa mtu ambaye mbio zake bora kabisa ni 4:07 tambarare. Mwalimu, hiyo si jogingi. Ni mtihani wa kila asubuhi. Kipimo changu hakina saa: kama hawezi kumsimulia mwenzake habari nzima ya jana bila kukata maneno, anakwenda haraka mno. Kwenye kilima kikali jogingi ya kweli inaweza kuwa kutembea, na wakimbiaji wetu wanaona aibu kutembea, hasa wakipita mbele za watu wa stendi wanaopiga kelele "we vipi, umekata moto?" Nina mama mmoja, ana miaka 34, anauza chakula mtaa wa Soweto hapa Mbeya. Mwaka jana alikimbia siku sita kwa wiki, zote kwa hasira. Mwaka huu biashara ikambana akabaki na siku nne, tatu za polepole hadi anapitwa na watoto wa shule ya msingi, moja ya spidi. Kilomita 21 amezishusha kutoka saa 1 na dakika 33 hadi 1:29, njia ileile, hapahapa Mbeya. Ningependa kusema ulikuwa mpango wangu. Ulikuwa mpango wa wateja wake wa mchana.

Kuna na mteremko. Njia yenu ya lami inashuka sana, na mvua za kwenu, zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, zinaondoa njia za udongo kwa nusu ya msimu, kwa hiyo mnabaki kwenye lami. Najua kwa nini. Lakini kukimbia kwa kasi kuteremka kwenye lami kunaponda misuli ya paja na kupiga muundi kuliko kupanda. Milima mkimbie kupanda, mrudi kwa kutembea. Malori ya kwenda mpakani ni sababu nyingine, hata kama mguu ungevumilia.

Nyekundu nimezihesabu: mbio saba kwa wiki kumi na nne. Sitajifanya sijui kwa nini. Kuna bahasha. Miaka hii ya karibuni, tangu Tulia Marathon ianze kuujaza mji kila Mei, kila wilaya inataka mbio zake, na mshindi wa wasichana anaondoka na fedha ambayo kwa familia ya mkulima wa viazi ni mbolea ya msimu. Binti mwenyewe huenda amejinunulia sare. Kwa hiyo simwambii mtu mwenye njaa asile. Nasema tu kwamba kila nyekundu inakopa kwenye mwili, na wewe uliandika ushindi wa mbio tatu za mwanzo kama faida tupu. Baada ya ule wa tatu hukumpa hata siku mbili. Ulifurahi, nami ningefurahi.

Mwangalie Alphonce Simbu. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Marathoni yake iliyotikisa dunia ilikuja Septemba, Tokyo, alipochukua ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, muda sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Kati ya hizo mbili ni karibu miezi mitano. Na kabla ya dhahabu hiyo kulikuwa na shaba ya London ya mwaka 2017, miaka minane nyuma. Kama mtu angetaka bahasha ya kila mwezi kutoka kwenye miguu ile, tusingekuwa na wimbo wa taifa Tokyo.

Kilomita 21 kwa miaka 16 nakukatalia moja kwa moja. Kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika, wasichana walio chini ya miaka 20 hukimbia kilomita 6. Wanaopanga hivyo si kwamba wanawadharau wasichana. Mwache akue kwenye mita 1,500 na 3,000, na kilomita 10 mara moja moja kama sherehe.

Nikiwa mahali pako ningefanya hivi, tukichukulia vipimo vitarudi bila ufa. Juni yote asikimbie. Julai, baridi ikiwa imebana, aanze kwenye nyasi za uwanja wa shule jua likishatoka, dakika moja jogingi, dakika moja kutembea, jumla dakika 20, siku tatu kwa wiki, na zoezi la alfajiri lifutwe kabisa. Usingizi ule wa saa kumi na nusu una thamani kuliko kilomita nane. Agosti aunganishe dakika 30 bila kusimama. Jumla ya wiki, ukihesabu na safari ya shule kwa kanuni yangu ya mbili kwa moja, isizidi 50 hadi Septemba. Vilima virudi Oktoba, spidi Novemba. Nyekundu ya kwanza isionekane kabla ya Februari, na baada ya hapo moja kwa mwezi. Ukianza kuona mwezi wa nane kwamba anakimbia vizuri sana na unatamani kumpeleka mahali, nipigie simu kwanza.

Na hao wa ofisini wanaosema amechuja: kitenge ndicho kinachochuja, tena kikifuliwa kila siku na kuanikwa juani. Huyu alifuliwa wiki kumi na nne mfululizo. Mtoe kwenye kamba.

Anza na hospitali wiki hii, usisubiri wiki ya mitihani ipite. Majibu ya damu yakitoka, niandikie namba yenyewe. Usiniandikie "damu iko sawa".